Mjumbe Hauawi: Barua Pepe Inapokuta Sanduku Limejaa

Darasani tulifundishwa sehemu za barua rasmi: anwani ya mwandishi, tarehe, anwani ya mwandikiwa, salamu, mada, kiini, hitimisho na sahihi. Jambo moja halikutajwa, nalo ni kufika. Zamani halikuwa na haja ya kutajwa, kwa sababu kila mtu alijua kwamba barua inaweza kupotea njiani. Barua pepe imetusahaulisha jambo hilo. Tunabonyeza "tuma", tunaona neno "imetumwa", nasi tunaondoka tukiamini kwamba kazi imekwisha. Lakini "imetumwa" si "imefika", na "imefika" si "imesomwa". Kiswahili chenyewe kinavitenga vitenzi hivi vitatu vizuri. Ni sisi watumiaji tunaovichanganya.

Katika insha hii nataka kuzungumzia pengo lililopo kati ya "imetumwa" na "imefika", hasa pale sanduku la mpokeaji linapokuwa limejaa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Uganda, nasoma Kiswahili na elimu, na kwa mihula miwili nimekuwa msaidizi katika chumba cha kompyuta cha kitivo chetu. Nilitarajia kwamba kazi yangu ingekuwa kuwasha mashine na kuweka karatasi kwenye printa. Kumbe sehemu kubwa ya kazi ni kusikiliza watu wawili, mmoja akiapa kwamba ametuma, mwingine akiapa kwamba hakupokea, na wote wawili wakisema kweli.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sanduku la barua pepe halijai kwa barua moja kubwa. Hujaa kwa mazoea. Tangazo la mkutano lenye picha, mwaliko wa semina uliotumwa mara tatu, nakala za barua ulizotuma mwenyewe, na hata zile ulizofuta lakini bado zimekaa kwenye kikapu cha taka, zote kwa kawaida huhesabiwa katika kikomo chako. Kisha huja majira ya tasnifu. Wanafunzi wengi hawana skana, kwa hiyo huzipiga picha kwa simu kurasa za fomu zilizotiwa sahihi, wakaziambatisha kama zilivyo. Viambatisho navyo havisafiri kwa ukubwa wake wa asili. Barua pepe iliundwa kwa ajili ya maandishi, hivyo picha hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kusafiri: kila baiti 3 huandikwa kwa herufi 4. Picha ya megabaiti 6 hufika ikiwa na megabaiti 8. Chukua darasa la wanafunzi 50, kila mmoja atume mzigo wa megabaiti 20 kwa mhadhiri yuleyule katika juma moja. Jumla ni gigabaiti 1. Mahali ambapo mhadhiri amepewa gigabaiti 1 au 2 tu, juma hilo moja laweza kulifunga sanduku ambalo mwaka mzima halikuwa na tatizo.

Sasa barua moja zaidi inakuja. Ni nini hutokea? Wengi hudhani kwamba barua huingia mahali fulani ikasubiri. Ukweli ni kwamba seva mbili huzungumza kwanza, na mazungumzo yao yanafanana sana na adabu zetu za mlangoni. Kanuni zake ziliandikwa mwaka 1982 na Jonathan Postel wa Chuo Kikuu cha Southern California, kisha zikaboreshwa mwaka 2001 na 2008. Seva ya mtumaji hupiga hodi kwa neno la salamu. Ikiitikiwa, hutaja anwani ya mtumaji, kisha anwani ya anayetafutwa. Hapo mwenyeji hujibu kwa namba. Namba inayoanza na 2 maana yake ni "karibu". Inayoanza na 4 ni "sasa hivi haiwezekani, rudi baadaye". Inayoanza na 5 ni "hapana, usirudi". Ndiyo maana 452 na 552, ambazo zote mbili hutumika nafasi inapokwisha, hazilingani hata kidogo. Ya kwanza inaurudisha mlango, ya pili inaufunga kwa komeo.

Mgeni aliyeambiwa arudi baadaye hurudi kweli. Mila yetu humruhusu mtu kupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa aende zake. Seva ina subira kubwa zaidi: kanuni za 2008 zinashauri kwamba kwa kawaida ingoje angalau dakika 30 kabla ya kujaribu tena, na isikate tamaa mpaka zipite siku 4 au 5. Ikishindwa kabisa, humwandikia mtumaji kumwarifu kwamba ujumbe wake haukufika. Taarifa hiyo hutumwa bila anwani ya kurudishia, kwa makusudi, ili masanduku mawili yaliyojaa yasije yakakataliana barua milele. Lakini tafakari maana yake. Kama sanduku la mtumaji nalo limejaa, taarifa ya kushindwa hupotea pia, na hapo kimya huwa kamili.

Ipo njia ya tatu, mbaya kuliko zote. Seva husema "karibu", ikaipokea barua, kisha ikaitupa kimyakimya kwa kuwa nafasi hakuna. Kanuni haziruhusu hivyo. Seva ikishasema "karibu" imebeba wajibu: ama iifikishe barua, ama imwarifu mtumaji. Tena ni afadhali ikatae palepale mlangoni kuliko kupokea kwanza na kurudisha baadaye, kwa sababu walaghai hughushi anwani za watumaji. Barua zao zikirudishwa, humwangukia mtu ambaye hakuandika chochote.

Mambo haya niliyaona kuwa ya mitambo tu mpaka muhula uliopita, yalipomfika mwenzangu mmoja wa darasani. Alikuwa Arua, akifanya utafiti wa nyanjani kuhusu Kiswahili kinachozungumzwa sokoni. Kutoka Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 500, na nauli ya kwenda na kurudi si jambo dogo kwa mwanafunzi, kwa hiyo sura yake ya tatu aliituma kwa barua pepe pamoja na picha za fomu za ridhaa. Mwisho wa kuwasilisha ulikuwa Ijumaa jioni. Yeye alituma Jumatano saa tatu usiku. Siku ya pili akapata ujumbe wa Kiingereza uliojaa namba, wenye sentensi moja aliyoielewa vizuri: ujumbe umechelewa, tutaendelea kujaribu, huna haja ya kutuma tena. Akatii. Nani asingetii? Jumatatu ikaja taarifa ya mwisho: imeshindikana. Wakati huo orodha ilikuwa imeshabandikwa ubaoni, na mbele ya jina lake pameandikwa "hajawasilisha". Kwa taratibu za chuo chetu, hiyo maana yake ni kurudia tasnifu mwaka unaofuata, pamoja na karo ya mwaka huo. Baba yake ni mkulima wa tumbaku. Karo ya mwaka mmoja zaidi isingepatikana.

Alipanda basi la usiku, akashuka Kampala asubuhi, akaja moja kwa moja chumba cha kompyuta kabla hata ya kunawa uso. Tulikwenda pamoja ofisini kwa mhadhiri, mtu mwema tunayemheshimu sana.

"Mwanangu," alisema, "kama ulituma, mbona mimi sina?"

"Mwalimu, nilituma Jumatano, saa tatu usiku."

"Mimi sikatai kwamba ulituma. Nakwambia sina."

Mwenzangu alitoa simu, akafungua ile taarifa ya kushindwa. Ndani yake kulikuwa na tarehe, saa, anwani ya mhadhiri, na namba 4.2.2, ambayo humaanisha sanduku limejaa. Tukamwita fundi mkuu wa mitambo. Alifungua daftari la seva, yaani kumbukumbu ya kila hodi iliyopigwa. Barua ya mwenzangu ilikuwa imepiga hodi tangu Jumatano usiku, mara nyingi, ikijibiwa kila mara kwamba irudi baadaye. Sanduku lilikuwa limejaa tangu Jumanne. Mhadhiri aliangalia skrini kwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi huyu hakuchelewa. Amesimama mlangoni kwangu siku tano." Siku hiyohiyo aliiandikia kamati, na sura ikapokelewa.

Lakini kilichonikaa moyoni si huo ushindi. Katika daftari lile yalikuwemo majina mengine. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi ambaye hakulalamika mahali popote. Alikuwa ameshaenda kwao, akiamini kwamba ameshindwa, na ile taarifa alikuwa ameifuta akidhani ni ya matapeli. Kama mwenzangu naye angeifuta ya kwake, hakuna aliyekuwa na sababu ya kufungua daftari, na huyu wa pili angerudia mwaka kwa kosa ambalo si lake. Asiyekuwepo na lake halipo, husema wahenga. Barua yake ilikuwepo mlangoni siku zote tano. Yeye tu ndiye hakujua.

Majuma machache kabla ya hapo nilikuwa nimeona upande wa pili wa sarafu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alikosa tangazo la mabadiliko ya ratiba ya mtihani kwa sababu sanduku lake lilikuwa limejaa. Alipokwenda ofisini aliambiwa, "Sisi tulikutumia. Kusafisha sanduku ni jukumu lako." Jibu hilo ni la haki, wala sina ugomvi nalo. Ninachouliza ni kwa nini halitumiki kwa watu wote. Mwanafunzi akijaza sanduku lake, mwenye hasara ni mwanafunzi. Mhadhiri akijaza la kwake, mwenye hasara ni mwanafunzi vilevile. Mlango ni mmoja, lakini kila ukifungwa humbana kidole mtu yuleyule.

Kwa mtazamo wangu, kanuni ya haki ni nyepesi: mzigo wa sanduku lililojaa aubebe yule anayeweza kulisafisha. Mtumaji hana ufunguo wa sanduku la mwenzake. Hawezi kufuta hata barua moja iliyomo. Walioandika mwongozo wa namba hizi mwaka 2003 waliliona jambo hili. Walieleza kwamba sanduku kujaa ni hali ambayo mpokeaji anaweza kuiondoa kwa kufuta barua, na kwa hiyo wakashauri ichukuliwe kuwa kizuizi cha muda, si cha kudumu. Hata hivyo, zipo seva nyingi zinazojibu kwa 5 badala ya 4, zikaifunga safari ya barua kwa kosa la siku moja.

Lazima nikiri kwamba kila njia ina kasoro yake. Kukataa papo hapo kuna faida moja: mtumaji hujua mara moja, naye anaweza kupiga simu au kwenda mwenyewe. Kungoja siku tano kunaipa barua nafasi ya kufika, lakini humwacha mtumaji gizani wakati mwisho wa kuwasilisha unakaribia. Mwenzangu aliponzwa na subira ya seva, si na ukali wake. Kwa hiyo mimi sisemi tuchague subira au ukali. Subira iwepo, ila iambatane na taarifa ya mapema inayoeleweka.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini nafasi isiongezwe tu, jambo likaisha? Hilo lilijaribiwa. Mwaka 2014 Google ilitangaza kuvipa vyuo na shule nafasi isiyo na kikomo bila malipo. Vyuo vingi duniani vilihamia huko, watu wakasahau habari ya kufuta. Februari 2021 kampuni hiyo ikatangaza kwamba kikomo kinarudi, na kwa taasisi zilizokuwa zikitumia huduma hiyo kikaanza kutumika Julai 2022: terabaiti 100 kwa taasisi nzima, zikigawanywa kati ya barua, mafaili na picha za kila mtu. Chuo chenye watumiaji 40,000 kikigawa sawasawa, kila mmoja hupata gigabaiti 2.5. Somo ni kwamba nafasi ya bure ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba huweza kubadili masharti. Nafasi kubwa huchelewesha siku ya kujaa, haiiondoi.

Babu yangu hakuwahi kuwa na anwani ya nyumbani. Barua zake zilikuja kwa sanduku la posta la parokia, kama zinavyokuja za watu wengi wa Uganda hadi leo. Aliniambia kwamba sanduku lilipojaa, karani wa posta aliziweka nyuma barua zilizosalia, na mtu wa parokia alipofika, karani alimwita kwa jina: "Njoo, zenu nyingine ziko huku." Karani hakuwa na teknolojia yoyote. Alikuwa na mambo mawili tu: hakutupa barua, na hakunyamaza. Sioni kwa nini chuo kikuu kishindwe na karani yule.

Ninapendekeza mambo manne. Kwanza, mwenye sanduku aonywe mapema, linapofika asilimia 80, na kitengo cha mitambo kipate orodha ya masanduku ya wahadhiri yaliyokaribia kujaa katika juma la kuwasilisha kazi. Pili, kazi za wanafunzi zisitumwe kwenye sanduku la mtu binafsi. Idara iwe na sanduku lake kwa kazi hiyo, lenye kumjibu kila mtumaji kwamba kazi imepokelewa. Tatu, taarifa ya kushindwa ihesabiwe kuwa ushahidi, na mwanafunzi anayeileta akaguliwe kwenye daftari la seva kabla ya kuandikiwa "hajawasilisha". Nne, sisi wanafunzi tupunguze ukubwa wa picha kabla ya kuziambatisha, na mafaili makubwa tuyaweke mahali pa pamoja na kutuma kiungo peke yake.

Wapo watakaosema kwamba pendekezo la tatu litawafungulia mlango waongo. Sidhani. Mwongo anaweza kusema ametuma, lakini hawezi kuandika katika daftari la seva ambalo halioni wala haligusi. Kazi ya kukagua ile ya mwenzangu ilimchukua fundi muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Wengine watasema wahadhiri wamelemewa na barua, na hilo ni kweli kabisa. Ndiyo maana sanduku la idara litawapunguzia mzigo wao kabla ya kutupunguzia sisi wetu.

Kuna jambo la tano ambalo linatuhusu moja kwa moja sisi tunaosoma lugha. Taarifa ile iliyompoteza mwenzangu iliandikwa kwa Kiingereza cha mafundi. Haikumwambia la maana zaidi, kwamba afanye nini. Muhula huu, kwa ruhusa ya msimamizi wetu, tumebandika ukutani maneno haya kwa Kiswahili, Kiganda na Kiingereza: "Ujumbe wako haujafika. Sanduku la mpokeaji limejaa. Seva itaendelea kujaribu kwa siku chache. Kama una tarehe ya mwisho, usingoje: mtafute mpokeaji kwa simu au ofisini, na usiifute taarifa hii." Fundi mkuu ameahidi kuuliza kama yanaweza kuwekwa ndani ya taarifa za seva yenyewe.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Taarifa ya kushindwa ni mjumbe aliyeleta habari mbaya, na wengi wetu humwua kwa kidole kimoja bila kumsikiliza. Tumsome kwanza, tumhifadhi, kisha tumpeleke mbele ya wenye mamlaka. Na wenye mamlaka wakumbuke kwamba mlango uliofungwa una pande mbili, na kwamba ufunguo uko ndani.